Kipandauso: dawa hukata maumivu wapi, na umeze saa ngapi

Ubongo wenyewe hauumi. Daktari wa upasuaji anaweza kuukata mgonjwa akiwa macho na mgonjwa asisikie maumivu ya ubongo. Kinachouma wakati wa kipandauso ni utando unaoufunika ubongo, pamoja na mishipa ya damu iliyomo. Habari za maumivu hayo husafiri kwa neva moja kubwa, trijemina, ambayo ndiyo pia inayohudumia paji la uso, jicho, shavu na taya. Ndiyo sababu mtu hushika jicho na kusema linataka kutoka, kumbe jicho ni zima.

Shambulio likianza, ncha za neva hiyo humwaga kemikali iitwayo CGRP. Mishipa ya damu hutanuka, utando huwashwa, na ncha zenyewe huwa nyepesi kiasi kwamba kila pigo la moyo linasikika kama ngumi. Ujumbe hupanda hadi shina la ubongo, ukapita thalamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, ukafika juu mahali mtu anapotambua kuwa anaumwa. Hakuna dawa inayong'oa kipandauso. Kila moja inaukata ujumbe huu mahali pake, na ukishapita mahali pale, dawa imechelewa.

Anza na za kawaida: ibuprofeni miligramu 400, au aspirini miligramu 900, yaani vidonge vitatu vya 300. Hizi huzuia prostaglandini, kemikali zinazonoa ncha za neva. Meza na chakula kidogo, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aziache. Aspirini si ya aliye chini ya miaka 16. Mjamzito abaki na parasetamoli gramu 1 hadi aongee na daktari. Wengi husema dawa hizi haziwafanyi kitu, na ukiwauliza walimeza nini, ni kidonge kimoja cha ibuprofeni cha 200, tena saa tatu baada ya kichwa kuanza. Hapo dawa ilionewa tu.

Saa ina uzito kuliko jina la dawa. Maumivu yakiachwa, seli za shina la ubongo zinazopokea ujumbe nazo huchachamaa na kuendelea kupiga kelele zenyewe, hata ncha za neva zikinyamazishwa. Dalili yake iko kwenye ngozi: kuchana nywele kunauma, fremu ya miwani inauma, helmeti ya bodaboda haivaliki, leso iliyofungwa kichwani inabidi ifunguliwe. Ukifika hapo, muda mzuri umekupita. Kwa hiyo dozi moja isikae kwenye droo nyumbani Rongai ilhali wewe umekwama kwenye matatu Lang'ata Road. Iweke mfukoni, na chupa ya maji.

Kizuizi cha pili ni tumbo. Wakati wa kipandauso tumbo hulala, na kidonge hukaa humo bila kushuka kwenye utumbo kinakofyonzwa. Metoklopramidi miligramu 10, ambayo kwenye kemisti wengi huijua kwa jina Plasil, huliamsha tumbo na wakati huohuo hutuliza kituo cha kichefuchefu kwenye ubongo. Imezwe pamoja na ya maumivu. Mara chache hukaza shingo au taya, hasa kwa vijana. Ikitokea, nenda hospitali, kuna dawa ya kuilegeza. Anayetapika kila kitu hana haja ya kidonge kingine, anahitaji sindano au dawa ya kuweka njia ya haja kubwa.

Za kawaida zikishindwa mara mbili tatu kwa dozi kamili na kwa wakati, omba daktari akuandikie triptani. Sumatriptani ilianza kuuzwa 1991 na ndiyo mkubwa wa ukoo huo. Hujibandika kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupeana ujumbe: vya kwenye mishipa ya damu huirudisha kwenye unene wake, na vya kwenye ncha za neva hufunga bomba la CGRP. Dozi ni miligramu 50. Wanaoona vimulimuli au mistari ya zigizaga kabla ya kuumwa wasubiri maumivu yaanze ndipo wameze. Ikisaidia kisha kichwa kikarudi, rudia baada ya saa mbili au zaidi, bila kuzidi 200 kwa siku. Isiposaidia kabisa, usirudie kwa shambulio lilelile. Kifua au shingo inaweza kubana kwa muda. Aliyewahi kuwa na ugonjwa wa moyo au kiharusi, au mwenye presha isiyodhibitiwa, haimfai kabisa.

Ergotamini, dawa ya zamani, bado hupatikana na bei yake huvutia. Usiichanganye na triptani ndani ya saa 24. Na mtu anayetumia ARV zenye ritonaviri, au antibiotiki kama eritromisini na klarithromisini, asiiguse: hujaa mwilini, damu ikakosa kufika vidoleni, nyama ikafa. Mfamasia asipokuuliza unatumia dawa gani nyingine, mwambie mwenyewe.

Sasa mtego. Triptani, ergotamini, na vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini au kodini, ukivitumia siku 10 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, huanza kuleta kichwa vyenyewe. Ibuprofeni na parasetamoli peke yake ni siku 15. Weka alama kwenye kalenda ya ukutani kila siku unayomeza. Kumbukumbu hudanganya.

Kichwa kilicholipuka ghafla kuliko vyote, chenye homa na shingo ngumu, chenye mkono au mguu kulegea, au kilichoanza mara ya kwanza baada ya miaka 50, hicho ni cha hospitali leo hii. Na homa si kipandauso. Pima malaria, hasa ukitoka Kisumu au pwani, usijikisie.

Mashambulio yakifika siku nne kwa mwezi, uliza dawa ya kinga. Propranololi (si ya mwenye pumu) na amitriptilini, inayoanza na miligramu 10 usiku, hupunguza wepesi wa ubongo kuwaka. Topirameti nayo hufanya hivyo, ila haifai mwanamke anayeweza kushika mimba bila mpango wa uzazi wa kuaminika. Mwanamke anayeona vimulimuli amtajie daktari pia vidonge vya uzazi vyenye estrojeni, maana viwili hivyo pamoja huongeza hatari ya kiharusi. Kinga huhitaji wiki nane hadi kumi na mbili, na wengi huiacha wiki ya tatu. Propranololi hasa usiikatize ghafla, moyo utaenda mbio. Ipunguzwe kidogo kidogo na daktari aliyekuandikia.