SOMO: Jinsi ya kuchagua mahali pa kuchukuliwa unapoita gari kwa simu

Huu ni mwaka wa sita naendesha gari la kuitwa kwa simu. Swali ninaloulizwa kuliko yote, na abiria, na ndugu, hata na madereva wageni kazini, ni hili: "Mbona pini naiweka vizuri halafu dereva anaenda kwingine?" Pini ni ile alama unayoiweka kwenye ramani ya simu kumwonyesha dereva pa kukuchukulia. Jana pekee nimelijibu mara tatu kabla ya saa sita mchana. Leo naliandika lote, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kabla ya hatua zenyewe, shikeni jambo moja. Dereva hakuoni. Anaona nukta kwenye simu na barabara iliyo mbele yake, na ana sekunde chache za kuoanisha viwili hivyo huku gari la nyuma linampigia honi. Kila hatua hapa chini inamsaidia katika sekunde hizo.

Hatua ya 1. Washa huduma ya mahali (location) kwenye simu, kisha hakikisha programu unayoitia gari imeruhusiwa kuona mahali pako kwa usahihi. Simu za iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, na za Android tangu toleo la 12 la mwaka 2021, zinakuachia kuchagua kuipa programu mahali pa kukadiria tu. Wengi walibonyeza hapo siku ya kwanza wakasahau.

Hatua ya 2. Toka nje kwanza, ndipo uombe gari.

Hatua ya 3. Chagua upande wa barabara. Simama upande ambao magari yake yanaelekea unakokwenda. Kanuni hii haibadiliki, uwe Uingereza wanakoendesha kushoto au Ufaransa wanakoendesha kulia. Ukisimama upande wa pili, dereva atatafuta pa kugeuzia, na kwenye barabara yenye ukuta katikati huenda pa kugeuzia pako mbali sana. Au atakuambia uvuke, nawe uvuke mbio na mizigo. Watu wanagongwa hivyo.

Msiiachie simu kazi hii. Tovuti rasmi ya serikali ya Marekani ya GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoijulisha simu iko wapi, inasema simu ikiwa mahali pa wazi chini ya anga huwa na kosa la kama mita 4.9. Ni kidogo, lakini hebu pima barabara ya njia mbili kwa hatua zako: mita 5 zinatosha kukuhamishia upande wa pili. Kwa hiyo kuza ramani mpaka uone maumbo ya majengo, kisha sogeza pini kwa kidole chako.

Hatua ya 4. Angalia pini imeshika barabara ipi. Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, dereva mzima, siku nilipokuwa abiria.

Nilikwenda kumchukua mama yangu hospitalini baada ya upasuaji wa nyonga. Nikaweka pini katikati ya jengo, nikaona inatosha, nani asiyeijua hospitali? Kumbe programu haimpeleki dereva kwenye jengo. Inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini, na inampeleka huko. Barabara ya karibu zaidi ilikuwa ya nyuma ya uzio, isiyo na geti hata moja. Dereva akafika, simu ikaniambia gari liko hapa. Tulisikia honi yake ng'ambo ya ukuta. Mama amekaa kwenye kingo ya bustani ya maua, fimbo mkono mmoja, bahasha ya dawa mkono mwingine, akaniuliza, "Si ndiyo hiyo, mwanangu?" Ilikuwa ndiyo, na hatukuwa na njia ya kuifikia. Dereva akazunguka, akakwama kwenye foleni, muda wa kusubiri ukaisha, safari ikaghairiwa. Mama alikaa pale zaidi ya nusu saa, na kosa lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo siweki pini juu ya jengo. Naiweka juu ya lami, mbele ya geti nitakalotokea. Na ninyi mjihadhari na haya:

Uzio na ukuta havionekani kwenye ramani nyingi. Jengo lenye barabara pande mbili ni mtego, hasa shule, hospitali, kiwanda na soko.

Pini haijui ghorofa. Penye daraja la juu na barabara chini yake, nukta ni ile ile kwa barabara zote mbili. Dereva akishapanda juu hawezi kusimama wala kurudi. Sogea mpaka mahali ambapo kuna barabara moja tu.

Kwenye barabara ya kwenda upande mmoja, pini ikikosea mita 20 mbele au nyuma, dereva anazunguka mtaa mzima. Weka pini mbele kidogo kufuata magari yanakoelekea, ili akupite akiwa bado ana nafasi ya kusimama.

Ukishakubaliwa, usihamishe pini kimyakimya. Dereva ameshapanga njia. Mwandikie kwanza.

Hatua ya 5. Chagua mahali gari linapoweza kusimama. Panapokufaa wewe kusimama huenda pasimfae dereva. Kona haifai, kivuko cha watembea kwa miguu hakifai, wala kituo cha basi, wala ndani ya mzunguko. Penye taa za barabarani, vuka makutano kwanza, tembea kama urefu wa magari matano au sita, simama hapo. Kabla ya taa utamfanya dereva azibe foleni. Baada ya taa anapata mwanya, kwa sababu taa zinawazuia walio nyuma yake. Usiku, simama chini ya taa.

Halafu fanya jambo hili dogo: geuka utazame upande gari linakotokea. Bango unalolisoma wewe huenda limempa dereva kisogo. Alama utakayomtajia iwe ile anayoiona akija.

Hatua ya 6. Mwandikie ujumbe mmoja ulionyooka. "Nipo hapa nje" haumsaidii mtu. Andika hivi: "Nipo upande wa kushoto ukitokea kwenye taa, baada ya benki, mbele ya geti la bluu. Nimevaa shati jeupe, nina begi jekundu." Andika kabla hajafika. Akishafika anaendesha, hasomi.

Hatua ya 7. Uwe umeshasimama hapo gari likifika.

Hatua ya 8. Soma namba ya gari kabla ya kushika mlango. Namba, aina ya gari, sura ya dereva. Kisha muulize, "Umekuja kumchukua nani?" Jina alitaje yeye. Ukimuuliza "Umekuja kumchukua fulani?" yeyote atasema ndiyo. Mwezi wa Machi 2019 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Columbia, South Carolina, Marekani, alipanda gari akidhani ndilo aliloliita. Aliuawa. Msiniambie mna haraka.

MASWALI YA WANACHAMA

Kifaru82: Ndefu mno mkuu. Kwa kifupi pini naweka wapi?

Mtoa somo: Juu ya lami, mbele ya geti, upande unakokwenda. Hatua ya 3 na ya 4. Zisome.

Mgeni Njiani: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi katikati ya maghorofa marefu. Nukta yangu inarukaruka, mara mtaa huu, mara ule, na mimi nimesimama tu. Inasababishwa na nini?

Mtoa somo: Marahaba, mdogo wangu, umeuliza vizuri. Setilaiti za GPS ziko zaidi ya kilomita 20,000 juu, na mawimbi yake yakifika chini yamechoka. Kwenye maghorofa yanagonga ukuta na vioo kabla ya kukufikia. Simu inapima umbali kwa muda ambao wimbi limetumia njiani, na lililogonga ukuta limezunguka, kwa hiyo simu inajiona iko mbali na ilipo. Ndiyo maana nukta inaruka nawe umetulia. Tazama duara la bluu linalozunguka nukta: likiwa pana, simu yenyewe inakuambia haina uhakika.

Fanya hivi. Ondoka ukutani, sogea penye uwazi, subiri kama nusu dakika. Acha Wi-Fi ikiwa imewashwa hata kama hujaungwa na mtandao wowote, maana simu hutumia mitandao iliyo jirani kukisia mahali. Duara likikataa kupungua, achana na nukta. Andika jina la jengo au anwani, kisha sogeza pini mwenyewe hadi mlangoni.

Mgeni Njiani: Nimejaribu sasa hivi. Duara limepungua niliposogea kwenye uwanja. Asante sana.

Bosi wa Njia: Mimi nalipa. Kazi ya dereva ni kunifuata nilipo. Haya mengine ni madereva kukwepa kazi.

Mtoa somo: Tunakufuata ndugu yangu, na tunakufuata pale ulipotuonyesha. Ukituonyesha nyuma ya ukuta tutafika nyuma ya ukuta. Nimekaa pembeni ya barabara taa za hazadi zinawaka, askari ananiamuru niondoke, abiria anasema "dakika moja tu" kwa mara ya tatu. Faini ikija inakuja kwangu. Mahali pazuri panatufaa sote wawili.

Bosi wa Njia: Sawa, hapo kwenye faini nimekuelewa.

Mama Pacha: Kaka, nina watoto wawili wadogo na kigari chao. Siwezi kutembea mbali kutafuta mahali pazuri. Nifanyeje?

Mtoa somo: Dada, usitembee mbali. Wewe tafuta mambo mawili tu. La kwanza, mahali ambapo mlango wa upande wa njia ya miguu unaweza kufunguka wote, ili watoto wasishukie wala kupandia upande wa magari. La pili, nafasi nyuma ya gari ya kufungua buti bila kusimama barabarani. Kigari kikunje kabla gari halijafika, mmoja wa watoto awe mkononi. Na mwandikie dereva mapema kwamba una watoto na kigari. Nikijua, naingia ndani ya maegesho moja kwa moja. Nisipojua, nasimama pembeni nikidhani ni mtu mmoja na mkoba.

Mama Pacha: Sikuwahi kufikiria kumwambia mapema. Barikiwa.

Zungusha: Kila siku dereva anaenda mtaa wa nyuma ya nyumba yangu. Kila siku! Tatizo nini?

Mtoa somo: Hatua ya 4. Nimeandika aya nzima na habari za mama yangu mzazi. Ukimaliza kusoma, weka pini mbele ya geti lako mara moja, ihifadhi kwenye programu, na kuanzia kesho chagua hiyo uliyohifadhi badala ya kuiachia simu ikisie.

Msafiri wa Alfajiri: Na uwanja wa ndege? Hapo sijawahi kupatana na dereva kirahisi.

Mtoa somo: Uwanja wa ndege usibuni mahali pako. Viwanja vingi vimetenga eneo la magari ya kuitwa, na dereva haruhusiwi kusimama pengine. Los Angeles, kwa mfano, walihamisha uchukuaji wa abiria Oktoba 2019 kutoka mbele ya majengo hadi eneo la pembeni, na abiria wanatembea au wanapanda basi kwenda huko. Fuata vibao, chukua mzigo wako kwanza, ukifika eneo lenyewe ndipo uombe gari. Ukiomba ukiwa bado unasubiri begi, dereva atafika kabla ya begi.

Msafiri wa Alfajiri: Na baada ya mechi au tamasha?

Mtoa somo: Tembea dakika kumi kuelekea unakokwenda, utoke nje ya barabara zilizofungwa, ndipo uombe. Tembea na wenzako, kwenye barabara zenye watu na taa. Mlangoni mwa uwanja kila mtu ana pini yake na gari haliingii.

Binti wa Ghorofa ya Tatu: Naongeza moja kwa wanaoishi peke yao, hasa sisi wanawake. Mimi siweki pini getini kwangu. Naiweka nyumba mbili mbele, penye taa na watu. Dereva hahitaji kujua mlango wangu.

Mtoa somo: Ni kweli kabisa dada, na dereva mwema hakasiriki. Pia kwenye Uber kuna namba ya siri ya tarakimu 4 unayoweza kuiwasha. Dereva hawezi kuanza safari mpaka umtajie. Iwasheni, hasa kwa safari za usiku.

Sikio Langu: Mimi sioni. Hatua ya 8 inanipita, siwezi kusoma namba ya gari, na madereva wengi wananipigia honi tu. Honi ziko kila mahali.

Mtoa somo: Samahani ndugu yangu, somo langu lilikusahau, na nashukuru umesema. Mwandikie dereva mapema kwamba huoni, kwamba ashuke, akufuate, ataje jina lako kwa sauti. Namba ya siri niliyoitaja inakufaa wewe kuliko wote, kwa kuwa simu yako inaweza kukusomea. Mahali pa kusimama, chagua penye kitu cha kugusa ambacho hakihami: nguzo, ngazi, kona ya ukuta. Mtajie dereva kitu hicho, ukishike, usiondoke hapo. Fimbo yako iwe mbele ionekane.

Na madereva wenzangu mnaosoma: tusipige honi. Tushuke, tuseme jina la abiria, tuseme na letu, tumwachie yeye ashike mkono wetu juu ya kiwiko. Tusimvute. Mlango tumwonyeshe kwa kuupeleka mkono wake kwenye kitasa, atafungua mwenyewe.

Sikio Langu: Nguzo ninayo, iko hapa hapa nje ya ofisi. Jioni leo naijaribu.

Mtoa somo: Ukifika nyumbani niandikie ilikuwaje. Nitaiingiza kwenye somo kama hatua ya 9.