Namna ya kupokea majibu ya kipimo cha VVU kituoni

Katika vituo vya afya vya Tanzania, majibu ya kipimo cha haraka cha VVU hutolewa siku hiyohiyo na mshauri nasaha, ana kwa ana, faraghani. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20, lakini tenga muda zaidi ya huo, kwa sababu mazungumzo ya kabla na baada ndiyo yenye uzito. Wakati wa kusubiri, wengi huanza kuusoma uso wa mhudumu. Ni kazi bure.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayafanya majibu kuwa siri yako. Mkienda wawili mnaweza kuyapokea pamoja, ila ukiwa na shaka hata kidogo, omba kuingia peke yako, na huna haja ya kueleza sababu.

Ukiambiwa kuwa jibu ni hasi, usinyanyuke kwanza. Mwili huchukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili ambazo kipimo hutafuta, hivyo kama ulijiweka hatarini katika miezi 3 iliyopita, uliza tarehe ya kurudi. Ikiwa tukio lilitokea ndani ya saa 72, litaje papo hapo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi lazima zianzwe ndani ya muda huo.

Jibu chanya halitolewi kwa kipimo kimoja. Kipimo cha kwanza kikionyesha mistari miwili, mhudumu hutumia vingine vya aina tofauti kuthibitisha. Basi ukichomwa tena kidole, usijihukumu mapema. Vipimo visipokubaliana, utaambiwa urudi baada ya siku 14. Vikikubaliana, mshauri atakueleza polepole na kukupeleka kliniki ya tiba na matunzo, ambako unaweza kuanza ARV siku hiyohiyo ukiwa tayari. Muulize kuhusu kipimo cha wingi wa virusi, maana anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane katika kipimo hicho hamwambukizi mwenziwe kwa njia ya ngono.

Aliyejipima nyumbani na kuona mistari miwili naye aende kituoni, aseme hivyo, na apimwe upya tangu mwanzo, kwa kuwa kipimo cha kujipima hakitoshi kuthibitisha maambukizi.