Mabawa ya rubani: anza na taji

Ukikuta beji ya mabawa ya rubani kwenye sanduku la mzee pale Kigoma au Tabora, usiifue wala kuisugua. Kama ni ya Uingereza, tazama taji kwanza. Matao yakiwa ya mviringo kama kuba, hiyo ni ya enzi za wafalme, kabla ya 1953. Yakibonyea katikati, ni ya enzi ya malkia Elizabeth. Ila Mfalme Charles amerudisha taji la kuba, kwa hiyo taji pekee halitoshi. Herufi nazo husaidia: RFC (Royal Flying Corps, kikosi cha anga cha jeshi la Uingereza) ni ya 1913 hadi Aprili 1918, RAF (Royal Air Force, jeshi la anga la Uingereza) ni baada ya hapo.

Kisha geuza nyuma. Hapo ndipo penye siri. Imulike gizani kwa tochi ya kukagulia noti, ile ya mawakala wa pesa. Uzi mmojammoja ukiwaka buluu kali huku kitambaa kimefifia, uzi huo ni wa baada ya vita vya pili. Beji nzima ikiwaka sawasawa, huenda ni sabuni ya unga tu, basi usiitupe. Mashimo ya sindano pembezoni ni dalili nzuri: huenda ilishonwa kweli kwenye koti.