Kuchota viambata vinavyozuia bakteria kwenye majani ya mpera kwa kutumia maji

Wanafunzi wa maabara huuliza mara kwa mara kwa nini tusitumie ethanoli (aina ya alkoholi), maana huchota viambata vya aina nyingi zaidi. Kweli kabisa. Lakini mama anayemchemshia mwanawe majani ya mpera tumbo linapomsokota anatumia maji. Ukitaka kupima kile watu wanachokunywa, chota kwa maji. Ujue tu kwamba maji huchukua viambata vya mimea kama tanini (vinavyoleta ukakasi), saponini (vinavyotoa povu) na sehemu ya flavonoidi, huku mafuta yenye harufu yakibaki kwenye machicha.

Hatua ya 1: Majani. Chuma yaliyokomaa, yasiyo na madoa wala ukungu. Yaoshe, kisha yaanike kivulini penye hewa mpaka yavunjike ukiyafinya. Usiyaanike juani, kwa sababu jua kali huharibu baadhi ya viambata. Saga, chekecha, hifadhi unga kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Hatua ya 2: Kuloweka. Pima gramu 50 za unga, weka mililita 500 za maji yaliyokenekwa. Tumia chombo cha kioo. Sufuria ya chuma haifai: tanini hushikana na chuma, maji yakawa meusi, na hapo umeshapoteza sehemu ya ulichokuwa unakitafuta. Pasha kwa nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 30 huku ukikoroga. Wengine huloweka kwa saa 24 bila moto. Mimi siipendi njia hiyo, hasa kwenye joto la Dar es Salaam, kwani bakteria huanza kuzaliana humo humo.

Hatua ya 3: Kuchuja. Anza na kitambaa cha melimeli, kamua vizuri, kisha pitisha kwenye karatasi ya kuchujia ya Whatman namba 1. Chukua matone machache, tia kloridi ya feri: rangi ya bluu-nyeusi au kijani-nyeusi inaonyesha tanini zimo.

Hatua ya 4: Kukausha. Mimina kwenye sahani pana iliyopimwa uzito, kausha kwenye oveni ya nyuzi 40 hadi 50. Pima tena. Ukipata gramu 6 kutoka gramu 50 za unga, mavuno ni asilimia 12. Kimiminika usikiache mezani hata usiku mmoja, maana kina sukari na huchacha kama uji. Kilichokauka weka kwenye jokofu, mbali na mwanga.

Hatua ya 5: Kutakasa. Hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Yeyusha gramu 1 kwenye mililita 10 za maji safi ya maabara, zungusha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha kwa kasi) ili mashapo yatulie, ndipo upitishe kwenye kichujio cha mikroni 0.22. Ukiruka sentrifuji, kichujio kitaziba papo hapo. Kisha dondosha tone moja kwenye agari tupu (jeli ya kuoteshea bakteria), liache usiku kucha kwenye nyuzi 37. Kikiota chochote, rudia kutakasa.

Hatua ya 6: Kupima. Sambaza maji yenye bakteria *Staphylococcus aureus*, yenye ukungu sawa na kipimo cha McFarland 0.5 (kipimo cha kukadiria wingi wa bakteria), kwenye agari ya aina ya Mueller-Hinton. Toboa vishimo vya milimita 6. Tia mikrolita 50 za dawa yako ya majani kwenye kimoja, maji matupu kwenye kingine, na jentamaisini (antibiotiki) kwenye cha tatu. Baada ya saa 18 hadi 24 kwenye nyuzi 37, pima kipenyo cha duara lisiloota kitu. Fanya sahani tatu. Rudia na *Escherichia coli*, ukitarajia duara dogo au kukosa kabisa, kwani utando wake wa nje huzuia viambata vingi kupenya.

Duara dogo halithibitishi kwamba dawa ni dhaifu. Molekuli za tanini ni kubwa na husafiri polepole ndani ya agari. Kwa hiyo pima pia kwenye mchuzi wa bakteria (kimiminika cha kuoteshea), ukipunguza dawa nusu kwa nusu kutoka mrija hadi mrija, mpaka uone kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Rangi ya kahawia ya majani hufanya ukungu wa mchuzi, yaani dalili ya bakteria kuota, usionekane, hivyo toa tone kwenye kila mrija, lipande kwenye agari mpya, usome kesho yake; pasipoota kitu, kiwango hicho kimeua bakteria, si kuzuia ukuaji tu.