Kifuniko cha tangi la samaki chenye chujio na taa: jinsi ya kukichagua

Kazi yangu ni matangi ya samaki hapa Jinja, Uganda. Nayafunga nyumbani kwa watu, nayajaza, na baadaye narudi kuyasafisha. Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza, "Fundi, kile kifuniko chenye kila kitu ndani kinafaa?"

Kinafaa sana, ukikichagua kwa makini. Ni kifuniko cha plastiki kinachokalia tangi, na ndani yake mna taa za LED na trei yenye sponji. Pampu ndogo inaning'inia majini, inapandisha maji hadi kwenye trei, maji yanapenya sponji kisha yanadondoka tena tangini. Hakuna mipira ya maji inayozagaa sakafuni wala chujio linalokula nafasi ya samaki. Kwa chumba cha kupanga chenye watoto, sijaona mpangilio unaoushinda huu.

Tatizo ni namna tunavyonunua. Muuzaji anawasha taa, bluu inaingia, nyekundu inaingia, mteja anatoa pesa. Pampu hajaigusa, trei hajaifungua. Na kinachoua samaki kwenye matangi ninayoitwa kuyaokoa huwa ni chujio dogo, au chujio lililozimwa. Ndiyo maana katika mwongozo huu taa nimeiweka nyuma.

Hatua ya 1: Pima tangi kabla ya kwenda dukani

Matangi mengi ya hapa Uganda yamegundishwa na fundi wa vioo wa mtaani, na kila fundi hukata kulingana na kioo alichobaki nacho. Vifuniko vya kiwandani vinakuja kwa vipimo vyake, mathalani sentimita 30, 45, 60 au 90. Tangi lako likiwa na sentimita 63, kifuniko cha 60 kitatumbukia na cha 90 kitaning'inia.

Chukua futi ya kuvuta, andika kwenye karatasi mambo manne: urefu na upana kwa nje, urefu na upana kwa ndani, unene wa kioo, na upana wa ule ukanda wa kioo uliogundishwa ndani ya mdomo wa tangi ili kuliimarisha. Huo ukanda wengi huusahau. Ndio unaozuia pampu isishuke, au unaofanya kifuniko kiyumbe kama meza ya miguu mitatu. Kama vifuniko vya dukani vina miguu inayovutika pembeni, angalia mdomo wa mguu unameza kioo cha unene gani. Kioo cha milimita 6 hakiingii kwenye mdomo wa milimita 5, na ukilazimisha utakipasua.

Kisha tafuta ujazo. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 36 linatoa lita 64.8. Ukitoa kokoto, mawe, na nafasi iliyoachwa juu, maji halisi yanakaribia lita 55 hadi 60. Namba hiyo ishike, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Hesabu nyaya

Kabla hujauliza bei, geuza kifuniko uangalie nyaya zinazotoka. Unataka mbili: moja ya taa, moja ya pampu, kila moja na plagi yake. Kukiwa na waya mmoja, basi uwe na swichi juu ya kifuniko inayozima taa peke yake na kuiacha pampu ikizunguka. Vyote viwili vikikosekana, kirudishe rafuni hata kama kimepunguzwa bei.

Nalisema hili kwa uchungu. Kifuniko changu cha kwanza nilikinunua Kampala, kilikuwa cha waya mmoja, na muuzaji aliniambia hiyo ndiyo rahisi kutumia. Nilikiweka nyumbani kwa mama, Walukuba, juu ya tangi la lita 50 lenye samaki wa dhahabu wanane. Mama alikuwa na desturi ya kuzima soketi zote kabla ya kulala, na mimi nikaona ni vizuri, taa ipumzike. Alfajiri nikiamka kuswali nawakuta wote wanane wamejipanga juu kabisa ya maji, midomo ikifunguka na kufumba, mashavu yakienda mbio. Nilidhani wana njaa, nikawa nawaongezea chakula. Ndani ya wiki mbili walibaki watatu.

Hawakuwa na njaa. Pampu ikisimama, maji hayadondoki, uso wa maji hautikisiki, na hewa ya oksijeni haiingii ya kuwatosha samaki wengi kwenye tangi dogo. Na chakula kile nilichoongeza kilioza mumo humo. Taa huzimwa, pampu haizimwi, usiku na mchana.

Hatua ya 3: Lipime chujio kwa jagi

Hapa ndipo usiwe na haraka hata kidogo.

Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake. Amonia ni sumu kwake. Kwenye sponji huota bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha bakteria wengine wanaigeuza kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia hadi utakapobadilisha maji. Kwa hiyo trei ile ni makazi ya hao bakteria, na kukamata uchafu ni kazi yake ya pili. Trei yenye kina cha kidole kimoja na kitambaa chembamba cheupe haina makazi. Tafuta ambayo unaweza kuweka tabaka tatu: sponji nene ya matundu makubwa mwanzoni, pale maji yanapoingilia, halafu vipete vya kauri, halafu pamba nyembamba mwishoni. Ule mkaa mweusi wa kuchujia unaokuja na baadhi ya vifuniko unafaa kuondoa dawa au harufu, lakini huchoka baada ya wiki chache. Nafasi yake mimi huijaza vipete.

Sasa nguvu ya pampu. Kwenye lebo utaona mfano "400 L/H", yaani lita 400 kwa saa. Namba hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji popote. Ukiifanya ipandishe hadi juu kwenye trei, inapungua, na kwenye pampu hizi ndogo inaweza kupungua karibu nusu. Ninachotaka mimi ni maji yote ya tangi yapite kwenye chujio angalau mara nne kwa saa, na kwa samaki wa dhahabu zaidi ya hapo, maana wanakula sana na kuchafua sana.

Muombe muuzaji beseni la maji na jagi la lita moja. Tumbukiza pampu kwenye beseni, inua kifuniko hadi kimo kitakachokuwa nacho kwako, washa, kinga maji yanayotoka na uhesabu sekunde kwa simu. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jagi likijaa kwa sekunde 15, una lita 240 kwa saa, yaani mara nne ya tangi la lita 60. Likichukua sekunde 30, ni lita 120, na hicho kifuniko ni cha tangi la lita 30 hata kama boksi lina picha ya tangi la futi tatu. Muuzaji mzuri hakatai jaribio hili. Wangu wa siku hizi ananiwekea beseni tayari akiniona naingia.

Bado una jaribio moja. Bana sponji kwa kiganja kana kwamba imeziba kwa uchafu, na utazame maji yanakwenda wapi. Kwenye trei iliyobuniwa vizuri yanapanda, yanaruka sponji kupitia njia ya dharura na kurudi tangini. Kwenye trei mbaya yanafurika pembeni, na hiyo maana yake ni sebule yako iliyolowa na pampu inayolimaliza tangi taratibu.

Hatua ya 4: Fikiria siku umeme ukikatika

Hapa chujio la juu lina faida. Umeme ukikatika, maji ya trei yanashuka tangini, sponji inabaki na unyevu huku hewa ikiipitia, na bakteria wanastahimili saa nyingi kuliko wale waliofungiwa kwenye chujio la kopo, lile lililozibwa linalokaa nje ya tangi, ambao wanaishiwa oksijeni. Umeme ukirudi, pampu iliyo ndani ya maji inajiwasha yenyewe.

Kama una inveta au sola, soma wati. Pampu ya wati 5 kwa saa 8 inatumia wati-saa 40. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, na inveta nayo inakula chake. Kuna vifuniko vyenye pampu ya volti 12 vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye betri ya sola, na kwa mtu wa kijijini ningesema atafute hivyo. Pampu ya kawaida ukiiweka kwenye inveta ya bei nafuu itanguruma na kupata joto. Isikilize na uiguse kabla ya kuiacha usiku kucha.

Na wanaoogopa tokeni za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kuisha: pampu ya wati 5 mchana na usiku, pamoja na taa ya wati 10 kwa saa 8, ni yuniti 0.2 kwa siku, yaani yuniti 6 kwa mwezi.

Hatua ya 5: Maji na umeme

Umeme wetu ni volti 240. Kwenye lebo ya pampu tafuta IPX8, inayoonyesha kuwa imetengenezwa kukaa chini ya maji. Taa nayo ikiwa ndani ya kifuniko inapata mvuke kila siku, kwa hiyo iwe imezibwa kabisa, IP67 ni nzuri. Ikiwa na vijibalbu vilivyo wazi unavyoweza kuvigusa kwa kidole, iache.

Plagi nyingi za vifaa hivi si za pini tatu nene za kwetu. Nunua adapta imara yenye fyuzi, usilazimishe plagi kwa kijiti kwenye tundu la juu. Na waya uache ujikunje chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuchomekwa, ili tone linalotambaa kwenye waya lianguke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Ekstensheni usiiweke chini ya tangi.

Hatua ya 6: Taa, sasa

Kwa samaki peke yao, taa yoyote nyeupe inatosha. Kwa mimea, tafuta nyeupe iliyoandikwa karibu 6500K (hiyo ni rangi ya mwanga), na lumeni, yaani wingi wa mwanga, 20 hadi 40 kwa kila lita. Rangi za bluu na nyekundu zinapendeza wageni wakija, ila zisiwe sababu ya kulipa zaidi.

Jambo la kuangalia hapa kwetu ni jua. Tuko kwenye ikweta, mwanga tunaupata karibu saa 12 mwaka mzima, na tangi lililo karibu na dirisha tayari limeshakula mwanga wa kutosha. Ukiongeza saa 10 za taa, mwani wa kijani utaziba kioo ndani ya wiki tatu. Nunua taima ya plagi, iwashe taa saa kumi jioni na kuizima saa nne usiku. Saa sita zinatosha kuanzia, na ndio wakati watu wapo nyumbani.

Hatua ya 7: Matundu

Kiwe na mlango mdogo wa kulishia, usilazimike kuinua kifuniko kizima chenye lita moja na nusu za maji kila asubuhi. Aliye Kabale, ambako usiku ni baridi sana, ahakikishe kuna tundu la kupitisha waya wa hita. Aliye Gulu au Arua, kwenye joto, atake matundu mengi ya hewa.

Ukifuga nkejje, wale samaki wetu wadogo wa Ziwa Viktoria, kifuniko kisiwe na mwanya pembeni, maana wakifukuzana wanaruka. Ni samaki wazuri kuliko wengi wanaoletwa kwa ndege. Dume akiiva, mapezi yake yanawaka chini ya taa nyeupe ya kawaida kabisa.

Hatua ya 8: Siku ya kufunga

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia, au tumia dawa ya kuiondoa. Osha trei na sponji kwa maji hayohayo bila sabuni. Jaza tangi hadi maji yaipite pampu kwa vidole vinne, kwa kuwa maji hupungua kila siku kwa mvuke, na pampu ikivuta hewa inaungua. Chora alama kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika: maji yakifika hapa, ongeza.

Washa pampu, acha izunguke saa 24 bila samaki, na upitishe karatasi ya chooni kuzunguka mdomo wote wa tangi kutafuta unyevu. Ikitoka kavu, weka samaki wawili au watatu wadogo. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujaa kwenye trei, kwa hiyo wengine waongeze kidogokidogo baada ya hapo.

Sponji itakapochakaa, usiitupe kabla ya kuingiza mpya. Ziweke zote mbili pamoja kwenye trei kwa wiki tatu, kisha ndipo utoe ya zamani. Na ukiisafisha, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si chini ya bomba.