Bamba, kijiko au mashine ya kurusha: trekta yako iondoe theluji kwa kifaa gani?

Kabla ya kuuliza trekta ina nguvu kiasi gani, tazama kandokando ya njia ya gari. Theluji unayoiondoa inahama tu. Njia ya mita 3 kwa 30 yenye theluji ya sentimita 20 imebeba mita za ujazo 18. Ikiwa kavu na laini, kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni tani 1.8, ujazo huohuo wa theluji iliyolowa, kilo 300, ni tani 5.4. Mzigo huo utaukalisha wapi?

Pakiwa na nafasi pande zote mbili, bamba la kusukuma theluji linatosha, na ni rahisi kulitunza. La nyuma hufungwa kwenye mikono mitatu ya trekta, ila matairi hukanyaga theluji kabla bamba halijaifikia, na theluji iliyokanyagwa hugandamana. La mbele halina kasoro hiyo. Pima upana wa trekta kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi wa lingine, kisha kumbuka kuwa bamba la sentimita 180 likigeuzwa nyuzi 30 linasafisha 156 tu. Theluji ya mwanzo wa msimu isukume mbali, angalau mita moja nje ya ukingo. Ukiiacha pembeni itaganda kuwa ukuta, na njia itazidi kuwa nyembamba.

Kijiko cha mbele kinafaa kuhamisha marundo. Kwa njia nzima kinachosha, na kwenye kokoto hung'oa mawe. Kikijaa, nyuma ya trekta hupungua uzito na matairi huteleza, kwa hiyo funga uzito nyuma na uvishe minyororo.

Pasipo na nafasi, au upepo ukirudisha theluji kila siku, chukua mashine ya kurusha. Nyingi za nyuma huendeshwa na shafti ya PTO, inayotoa nguvu za injini nyuma ya trekta, kwa mizunguko 540 kwa dakika, na hapa ndipo wengi hukosea: mashine inataka injini izunguke kwa kasi kamili huku trekta ikitambaa. Gia ya chini kabisa ikiwa bado ina mbio, bomba la kurushia theluji litaziba. Trekta ya haidrostati (inayoendeshwa kwa mafuta yenye shinikizo, mwendo ukipunguzwa bila kubadili gia), au yenye gia za kutambaa, ndiyo inayofaa. Jua pia kwamba mashine nyingi za nyuma hutumika ukirudi kinyumenyume, shingo imegeuka muda wote.

Weka akiba ya bolti za kukatika. Zimekusudiwa zikatike mashine inapokutana na jiwe au barafu. Ukifunga bolti ngumu zaidi, kitakachovunjika ni giaboksi. Kwenye kokoto, shusha viatu vya mashine, yaani vyuma vya chini vinavyoteleza juu ya ardhi, ili makali yabaki sentimita 2 hadi 3 juu ya ardhi.

Bomba likiziba, kata PTO, zima injini, subiri kila kitu kisimame, kisha zibua kwa kijiti. Mkono usiingie humo kamwe.