SOMO: Kuandaa jioni ya tawi ambayo mwanachama mpya hatakaa peke yake

Somo hili ni la makatibu na wajumbe wa kamati za matawi ya vyama vya kitaaluma, iwe ni vya wahandisi, wauguzi, wahasibu au wakutubi. Kongamano la mwaka lina kamati yake na bajeti yake, silizungumzii. Nazungumzia yale makutano madogo: jioni ya kufahamiana, chakula cha kufunga mwaka, ziara ya kikazi. Mara nyingi huachwa yajiendee yenyewe. Matokeo yake, waliozoeana wanazidi kuzoeana, na aliyejiunga juzi anaaga mapema na harudi tena.

Hatua ya 1: Jueni mnakutana kwa lengo gani

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha takwimu za watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Ni 16.7% tu waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, 55.6% walionana naye mara mojamoja, na waliobaki kwa nadra. Wa karibu yako anajua unayoyajua. Habari mpya huletwa na wa mbali kidogo. Kwa hiyo jioni ya tawi ni ya kuwakutanisha wasiokutana kazini, na kila uamuzi unaofuata upimwe kwa lengo hilo.

Hatua ya 2: Tangazeni tarehe za mwaka mzima

Chagueni siku isiyohamahama, tuseme Alhamisi ya pili ya mwezi, ili mtu aweze kuikumbuka bila kuulizia. Lakini msinakili kalenda ya mwaka jana. Pasaka ya makanisa ya magharibi huangukia popote kati ya 22 Machi na 25 Aprili, na Ramadhani na Idi huwahi kwa takriban siku 11 kila mwaka zikilinganishwa na kalenda ya kawaida. Angalieni pia mitihani ya bodi, msimu wa kufunga hesabu na zamu za usiku.

Hatua ya 3: Ukumbi upimwe kwa masikio

Watu huukagua ukumbi kwa macho: mapambo, viti, mandhari. Mimi nasema simameni katikati yake saa ileile mtakayoutumia, mzungumze. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujitambua. Kundi moja likipaza, la jirani nalo linapaza, na baada ya muda ukumbi mzima unapiga kelele na wenye usikivu hafifu wameshakata tamaa. Zulia, mapazia na dari isiyo juu sana husaidia. Muziki uwe chini kabisa, au usiwepo.

Meza kubwa za watu kumi kumi hazifai kwa kazi hii. Mwanasaikolojia Robin Dunbar na wenzake walionyesha mwaka 1995 kwamba kundi la mazungumzo mara nyingi halizidi watu wanne. Wa tano akiingia, mazungumzo huelekea kugawanyika. Meza ndogo za kusimamia, na viti kando kwa anayehitaji kukaa. Njia ya kiti cha magurudumu ikaguliwe siku hiyohiyo mnayokwenda kupima sauti.

Hatua ya 4: Mwaliko

Mfupi. Siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, mahali, ada kama ipo, kama mwenzi anaruhusiwa, mavazi, na jina la mtu mmoja wa kuulizwa. Ombeni watu wathibitishe, kisha wakumbusheni siku moja kabla.

Hatua ya 5: Wekeni wenyeji

Hapa ndipo naomba msome taratibu, kwa sababu kamati nyingi huamini kwamba watu wakiwekwa chumba kimoja watachanganyika. Hawachanganyiki. Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha mwaka 2007 utafiti wa tafrija ya wafanyabiashara waliovaa vifaa vya kielektroniki vya kurekodi nani amekutana na nani. Wahudhuriaji walikuwa wamesema wanataka kufahamiana na watu wapya. Walipofika, waliwaelekea zaidi wale waliokwisha kuwafahamu. Na hao walikuwa watu wenye ari!

Basi teueni wenyeji, mmoja kwa kila wahudhuriaji kumi hivi, tena wawe watu wanaopenda watu, si lazima viongozi. Kazi yao ni moja: kumpokea aliye peke yake na kumkabidhi kwa mtu. Kumkabidhi maana yake ni kusema neno litakaloanzisha mazungumzo. "Huyu ni mwenzetu mpya" halianzishi chochote. "Mwenzetu huyu anahamisha kumbukumbu za hospitali kutoka kwenye karatasi, na wewe uliifanya kazi hiyo" linawapa wote wawili pa kuanzia. Ndiyo maana mwenyeji apewe orodha ya waliothibitisha mapema, aisome.

Vitambulisho viandikwe jina kwa herufi kubwa zinazosomeka mtu akiwa amesimama, na chini yake jambo analolifanyia kazi. Vyeo viachwe.

Hatua ya 6: Matangazo na baada yake

Tangazeni shughuli zijazo katikati ya jioni, dakika tano, kabla watu hawajaanza kuaga. Kesho yake mwenyeji amwandikie kila mgeni aliyempokea na kumtajia tarehe inayofuata. Picha na namba za simu zisisambazwe bila ridhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Asante kwa somo, mkuu. Wanachama wetu wako nchi kadhaa. Tukikutana mtandaoni inafaa?*

Inafaa, mkiwagawa kwenye vyumba vya watu wanne wanne na kuwabadilisha kila baada ya dakika 15. Andikeni saa pamoja na tofauti yake na UTC, yaani saa rasmi ya kimataifa, na mzungushe saa za kukutana ili wasiwe watu walewale wanaokesha kila mara.

*Wazee wa taaluma kwetu wana meza kuu yao. Tukiiondoa tutaonekana hatuna adabu.*

Msiiondoe kimyakimya. Mwenyekiti awaendee wiki moja kabla, amwombe kila mzee awapokee vijana wawili kwa majina. Heshima yao inabaki, na wengi hufurahi kuombwa.

*Mfadhili anataka kuzungumza nusu saa. Tunamkatalia vipi?*

Kabla ya kupokea fedha, andikeni kwenye makubaliano: dakika tano za salamu, na meza ya kuonyesha kazi yake jioni nzima. Akishalipa mmechelewa.

*Vileo viwepo?*

Binafsi naona visiwe kiini cha jioni. Vikiwepo, vinywaji visivyo na kileo viwe vya kutosha na viwekwe mezani pamoja navyo, asiyetumia asilazimike kujieleza.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ndiye huyo mwanachama mpya, na tawi letu halina wenyeji. Nifanyeje?*

Marahaba. Fika mapema, watu wakiwa wachache na makundi hayajafunga. Mtafute katibu umwombe kazi, hata ya kugawa vitambulisho mlangoni. Utasalimiana na kila anayeingia na utajua majina. Ukiona watu wawili wamesimama wakiwa wameelekeana kabisa, wapite. Waliosimama na nafasi kati yao, simama hapo, salimia, kisha uliza wanafanyia kazi nini.